Kiinua Mgongo cha Maalim Mselemu

Hapo zamani, enzi ambazo masultani walikuwa wengi kuliko busara, palikuwa na mji uitwao Chungwani, na mtawala wake akiitwa Sultani Jabiri. Sultani huyu aliipenda elimu sana, mradi asiilipie. Kila Idi alisimama barazani akasema kuwa walimu ni taa za nchi, watu wakapiga makofi, na taa zenyewe zikarudi nyumbani kulala na njaa.

Walimu wa vyuo vya Sultani walilipwa mshahara mwembamba, wakaambiwa wavumilie, kwani wakizeeka watapewa kiinua mgongo, yaani ile mali apewayo mtu aliyeinamia kazi umri wake wote. Basi wakavumilia. Mmoja wao alikuwa Maalim Mselemu, aliyewafundisha watu wa mji ule na watoto wao na wajukuu wao, naye akiishi katika chumba cha chuo. Siku ya kustaafu ilimpasa akiache chumba hicho, na kiinua mgongo ndicho angenunulia kibanda chake. Hakuwa na tegemeo jingine ila mkwewe Shaame, mume wa bintiye, na kumtegemea Shaame ni kuegemea ukuta wa udongo wakati wa masika. Kazi hana, shamba hana, ana ulimi tu.

Ikawa Sultani anataka kujenga hamamu ya marumaru, na hazina haitoshi. Waziri Sadala, mtu aliyeona mbali pale tu palipokuwa na mali ya mwenzake, akamwendea akasema, "Bwana wangu, sheria ya wazee yasema mwalimu apewe kiinua mgongo. Haikusema dhahabu. Na ni kitu gani kiinuacho mgongo wa mzee? Bakora. Basi tuwape bakora."

Sultani akacheka mpaka sharubati ikammwagikia kanzu. Akayaita hayo mageuzi, maana ukiyaita wizi watu hawapigi makofi. Asubuhi mbiu ikapigwa mji mzima: "Tangu leo malipo yote yatafuata neno lilivyotamkwa. Atakayedai zaidi ya neno, atachapwa viboko sokoni."

Siku ya Maalim ikafika. Akaitwa barazani, akasifiwa kwa maneno marefu, akapewa bakora. Jioni akabisha hodi kwa mkwewe na kibunda chake kwapani.

"Mwanangu, nimekuja kulala kwenu. Nitajibanza hapo mlangoni, msisumbuke."

"Karibu, baba. Na kiinua mgongo?"

Maalim akamwonyesha. Mzee akaigeuzageuza ile bakora, akasema, "Mti wenyewe mwepesi. Hata kupikia haufai."

Shaame alitaka kucheka, akajizuia. Huyu ndiye mzee aliyempa binti yake bila kumwuliza una nini, na leo anaomba kujibanza mlangoni! Hasira ikampanda. Akaapa moyoni kwamba baba mkwe wake hatafia kizingitini, Sultani apende asipende.

Basi zama hizo binti wa Sultani alikuwa ameposwa na kijana wa Bwana Khelefu, tajiri wa nchi jirani, mwenye mali kama mchanga na mkono wa birika. Sultani alikuwa akiingoja harusi hiyo kwa uchu, maana kwa mila yao baba wa bibi harusi hupewa kilemba na mama hupewa mkaja, navyo si vitambaa. Ni fedha, na kwa binti wa Sultani ni dhahabu. Shaame akaenda kwa Bwana Khelefu, akajitoa kuwa mshenga wake.

"Umeandaa nini, Bwana?"

"Mifuko miwili ya dhahabu," akasema tajiri, na uso ukamsawijika. "Kilemba na mkaja."

"Hukuisikia mbiu ya kwetu? Malipo hufuata neno lilivyotamkwa. Kilemba ni kilemba, na mkaja ni mkaja. Atakayedai zaidi ni viboko."

Bwana Khelefu akamwapisha mara tatu kuwa mbiu hiyo ni kweli, kisha akamkumbatia.

Siku ya harusi baraza ikajaa wageni. Shaame akaingia na sinia lililofunikwa kwa hariri, akainama, akalifunua. Sultani akaona kilemba cha marekani, ile nguo ya kushonea magunia.

Akakitikisa kilemba. "Na ndani yake mna nini?"

"Ndani yake mtakuwa na kichwa, Bwana wangu, ukikivaa."

Bi Sultani naye akapewa mkaja wake, utepe wa kufungia tumbo la mzazi. Akaunyanyua kwa vidole viwili, akamtazama mumewe. "Binti yangu anaolewa leo, mimi nifungwe tumbo?"

Sultani akaghadhibika. "Ewe mjinga, kila mtu ajua kilemba si kitambaa. Ni heshima ya mzazi kwa taabu ya kulea. Hata mtoto ajua."

"Mimi nilijua hivyo zamani, Bwana," akasema Shaame. "Kisha nikasikia mbiu yako, nikaogopa viboko. Hivi sasa naona wewe ndiwe unayedai zaidi ya neno, na sijui ni nani atakayekuchapa."

Waziri Sadala akadakia, "Haya ni mambo mengine na yale ni mengine."

"Yapi hayo yale?" akauliza Bi Sultani.

Ndipo Shaame akamweleza, mbele ya wageni, jinsi baba mkwe wake alivyolipwa mti kwa maisha yake yote. Wageni wakaanza kunong'onezana, na wengi wao walikuwa wamesomeshwa na mzee yule yule. Sultani akaona aibu imemfika shingoni. Akitaka dhahabu yake, sharti aivunje mbiu kwa kinywa chake mwenyewe. Akiishikilia, avae gunia kichwani. Akaivunja. Bwana Khelefu akaagiza mifuko yake, akiguna kama aliyeng'olewa jino, na Bi Sultani akaapa kuwa binti hatoki ndani mpaka walimu wote walipwe. Wakalipwa mchana ule ule, Maalim Mselemu wa kwanza.

Sultani, ili aonekane mkarimu mbele ya wageni, akacheka kicheko cha mtu aliyebanwa, akasema, "Shaame, akili yako yastahili tuzo kubwa. Tangu leo nakufanya mwalimu katika chuo changu."

Shaame akaanguka magotini, akaishika kanzu ya Sultani.

"Bwana wangu," akasema, "nimekukosea nini?"

Hekaya imetua hapo. Mwenye kucheka na acheke, mwenye kudaiwa na alipe.