Ng'ombe wa Lugembe Shambani kwa Nyamizi

Hapo kale mjane Nyamizi alikuwa na shamba lililochoka. Kila akivuna, aliyafukia mabua ya mahindi yaoze, yawe mboji. Mwaka mmoja akaja Lugembe, tajiri wa ng'ombe aliyemlimia kwa plau kwa malipo ya magunia ya mahindi.

"Magunia yangu nimepata. Sasa nataka na mabua. Ukikataa, mwakani utalima kwa kucha!"

Nyamizi akapiga magoti. "Yachukue, baba. Ila mgongo wangu mbovu, siwezi kukubebea. Si uwalete ng'ombe wayale hapahapa?"

"Watakula hata majani ya maboga!"

"Na wale, baba. Tena walale humuhumu, wasichoshwe na njia."

Lugembe akaona amepata mjinga. Ng'ombe hamsini wakashinda na kulala shambani siku kumi, hadi bua la mwisho likaisha.

Alipokuja kuwaswaga, alimkuta Nyamizi akiimba, jembe mkononi, anafukia samadi iliyofunika shamba zima.

"Acha! Hiyo imetoka kwa ng'ombe wangu!"

Majirani walikuwa wamekwisha simama njiani.

"Mabua yako wanayo tumboni, baba," akasema Nyamizi kwa upole. "Au tajiri mzima umekuja kugombea mavi na mjane?"

Lugembe akawaswaga ng'ombe wake bila kuaga.