Wana Wawili na Hori Kavu

Mtu mmoja alikuwa na ng'ombe wengi na wana wawili, katika nchi ambayo mto hukauka na maji hutafutwa chini ya mchanga. Huko mnyweshaji hushuka kisimani, huteka kwa ndoo na kumimina horini, na anapoteka huimba. Ng'ombe wakisikia wimbo hujua maji yapo, nao huja. Yule mtu alipotaka kusafiri aliwaambia wanawe wahakikishe ng'ombe wake wanakunywa. Basi, hakusema zaidi.

Mkubwa, Chidawali, aliimba wimbo wa babu yao, mzito, wa polepole. Mdogo, Nyemo, alikuwa amerudi kutoka malisho ya mbali na wimbo mpya, wa kasi. Siku aliyouimba mara ya kwanza, mitamba walikuja mbio, mikia juu. Watu wakacheka kwa furaha, na Chidawali akacheka nao. Kisha akamwona mtamba mmoja mwenye doa jeupe, aliyefiwa na mama yake, ambaye yeye mwenyewe alimlea kwa kumnyonyesha maziwa kidoleni. Naye alikuwa anakimbilia kwa Nyemo.

Tangu hapo chakula hakikumshuka vizuri. Nyemo akisifiwa, anaacha tonge na kuinuka. Akawa anawaambia majirani, "Wimbo huu baba hakutuachia." Hakusema uongo. Lakini hicho sicho kilichokuwa kinamuuma, na moyoni alijua.

Siku moja alitoka kisimani, akasimama njiani na fimbo, akaimba wimbo wa babu kwa sauti yake yote. Kila ng'ombe aliyeelekea kwa mdogo wake alimchapa puani. Nyemo naye akatoka, akaifudikiza ndoo na kuigonga kama ngoma.

"Kaka, wimbo wako huo ng'ombe wanausinzilia!"

"Na wako wanaukimbia kama waliovamiwa na nyuki!"

Ikawa hivyo siku kwa siku. Chidawali hakuwa akiwatazama ng'ombe midomo kama imelowa. Alitazama wamesimama upande wa nani. Wakiongezeka kwake alisikia utamu, na wakipungua alitamani mdogo wake apoteze sauti, hata akashtuka kwa kutamani hivyo, lakini akaendelea kutamani. Ng'ombe walikuja kwa wimbo huu, wakaja kwa ule, wakalamba mbao za hori, wakarudi walikotoka. Wengine wakaacha kuja kabisa. Kila ndugu alisema mwenziwe ndiye aliyewafukuza.

Baba yao aliporudi aliwakuta wanaimba, sauti zimewakauka. Chidawali akawahi kumpokea mzigo. Alikuwa amesubiri kulisema neno hili siku nyingi: "Baba, walionifuata mimi ni wengi kuliko wa Nyemo."

Baba akaingiza mkono horini, akautoa na vumbi.

"Na wakanywa nini?"

Yule mtamba mwenye doa alikuwa amelala kando ya hori, ulimi nje, mbavu zinahesabika. Mzee akavua shati, akaichukua ndoo iliyofudikizwa, akashuka kisimani yeye mwenyewe, mwenye mali, na vumbi la safari bado miguuni. Hakuimba. Maji ya kwanza aliyapeleka kwa mikono yake kinywani mwa mtamba. Mengine yalipoanza kugonga hori, ng'ombe wakaja, wazee na wachanga, wakainamisha vichwa pamoja. Chidawali alisimama na fimbo yake. Hata saa ile, Mungu amrehemu, jicho lake lilikuwa bado linatafuta ni ng'ombe gani waliokuwa wake.

Ndugu zangu, ninyi mnaotaka tenzi za wazee peke yake, na ninyi mnaotaka magitaa peke yake, mimi nikiwa mmoja wenu: Jumapili iliyopita, wenye kiu walipoingia kanisani, nani kati yetu alikuwa kisimani?