Vidonge vya Mchoma Ndafu

Tulieni kidogo, wapendwa. Na ninyi wa viti vya nyuma mnaochungulia saa, ibada haijaisha na chakula cha mchana hakitawakimbia. Nataka niwape habari ya mchoma ndafu mmoja. Msianze kugeuza shingo kutafuta ni nani kati yetu. Nimemtunga mwenyewe, hana namba ya bahasha ya sadaka katika usharika huu.

Mtu huyu alikuwa fundi kwelikweli. Harusi, sendofu, kipaimara, popote palipotakiwa mbuzi mzima wa kuchomwa, aliitwa yeye. Ndafu wake akiletwa mbele ya wageni, ameiva hadi mfupani, mafuta yanachuruzika, hata bibi harusi alisahau kulia. Na kwa kuwa ndiye mchomaji, kipande cha kwanza kilikuwa haki yake, kile cha ubavuni chenye mafuta yake. Lakini hakukila peke yake kamwe. Kabla hajatia mdomoni, alikikata katikati, nusu akampa mdogo wake aliyeshika naye ule mti wa kuchomea. Baba yao alifariki mapema, na yeye ndiye aliyemlea huyu mdogo, akamsomesha, akamwoza. Alimpenda kuliko alivyojipenda mwenyewe, na watu walimsifu kwa hilo.

Siku moja akaenda hospitali kwa ajili ya presha, wakampima na damu. Daktari alikuwa binti wa rika la mwanawe wa kwanza. Akamkalisha, akamwambia kwa upole, "Baba, mafuta kwenye damu yako yamezidi. Ubaya wake hayaumi. Yanajijenga polepole ndani ya mishipa, mpaka siku moyo unakosa damu. Nakuandikia vidonge. Kimoja kila usiku, siku uliyokula nyama na siku ambayo hukula. Na hiyo nyama yenye mafuta uipunguze."

"Sawa, mwanangu."

"Misuli ikikuuma bila sababu, au mkojo ukawa mweusi, usingoje tarehe, njoo siku hiyohiyo. Usichanganye na dawa nyingine kabla hujaniuliza. Na urudi tupime tena damu, tuone vinavyokufanyia kazi."

"Nimekusikia," akasema. Na ni kweli, alisikia. Kusikia hakujawahi kuwa shida yetu.

Njiani akaanza kupiga hesabu zake. Hii ni dawa ya mafuta, si ndiyo? Sasa Jumatatu mimi nakula ndizi na maharage, mafuta yako wapi? Nitameza Jumamosi, siku ya mbuzi. Akamweleza mkewe, na mkewe akashangaa.

"Baba Aikande, si umesema daktari amesema kila siku?"

"Mama Aikande, wewe huwa unameza dawa ya malaria ukiwa huna malaria?"

Mama wa watu akainuka. Kuna majibu ambayo ukipewa unaona heri ukaangalie mboga jikoni.

Basi ikawa hivyo. Jumamosi anameza kimoja, anakula ubavu kwa amani, siku nyingine zote vidonge vinalala kabatini. Vikabaki vingi. Na mtu mkarimu akiwa na kitu kilichobaki, mnajua mkono wake unavyowasha. Jumamosi moja, wakiwa kwenye moto, akamtazama mdogo wake anavyofuta mafuta kidevuni, akaona huruma. Akatoa pakiti mfukoni.

"Shika hivi. Wewe unapenda vya kukaanga hata siku za kazi, kwa hiyo meza kimoja kila siku."

"Kaka, mimi sijapimwa. Halafu kuna vidonge natumia, vile vya fangasi wa kucha."

"Dawa haigombani na dawa. Chukua, mdogo wangu. Mimi nitapata nyingine."

Niwaulize, huyu mdogo alikuwa na ubavu gani wa kumkatalia kaka aliyemlea? Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, na akameza kila siku bila kuruka, kama alivyoambiwa.

Baada ya muda akaanza kulalamika mapaja, kisha mabega. Kaka yake akamtania kwamba uvivu umempata mapema. Jumamosi nyingine wakawa na ndafu wa harusi ya ukooni kwao, ameiva, wageni wamekaa. Wakainama wote wawili kuunyanyua mti. Mikono ya mdogo ikalegea, mbuzi akaanguka kwenye majivu mbele ya wakwe. Kaka akageuka ana maneno makali mdomoni, akamkuta mdogo wake amekaa chini na hawezi kuinuka.

"Kaka, mikono haina nguvu. Na tangu jana nakojoa kama chai ya rangi."

Hapo ndipo maneno ya yule binti yakamrudia, yote, kana kwamba anayasikia kwa mara ya kwanza.

Wakamkimbiza hospitali. Daktari alikuwa yuleyule. Akamwuliza mgonjwa, "Unatumia dawa gani?"

"Za kucha tu," akajibu yule mdogo, akamtupia kaka yake jicho kidogo, kisha akatazama ukutani. Alikuwa radhi kufa kuliko kumvunjia heshima kaka yake mbele za watu. Na watu walikuwepo. Ukoo ulikuwa umejaa mlangoni na nguo zao za harusi.

Daktari akasema, "Misuli yake inavunjika na figo zinaelemewa. Kama kuna kitu kingine amemeza, nakitaka sasa hivi."

Tazameni, wapendwa, pale aliposimama yule kaka. Akinyamaza, jina lake linabaki zima na ndugu yake anaondoka. Akasema, "Ni mimi. Nilimpa vidonge vyangu." Akalia pale pale, mbele ya shemeji zake.

Daktari akaona kwamba vidonge vile vimegombana na dawa ya kucha, akajua la kufanya. Vidonge vikasimamishwa, akatundikiwa maji, figo zikapimwa kila siku. Alikaa wodini muda mrefu, lakini Mungu ni mwema, alipona. Siku ya kumruhusu, daktari akaomba ampime na yule mkubwa. Mafuta yake yalikuwa yamepanda kuliko siku ya kwanza. Yule binti hakumgombeza. Akamwambia tu, "Baba, aliyeandikiwa hakumeza. Ambaye hakuandikiwa ndiye aliyemeza."

Kuhusu vidonge vyenyewe sina maneno mengi, mimi ni mchungaji tu. Aliyeandikiwa ameze kama alivyoambiwa, asiruke wala asiache kwa kuwa hasikii maumivu. Akiumwa misuli aseme. Akiwa na dawa nyingine, hata ile ya kucha, hata ile ya mizizi aliyochemshiwa na shangazi, aseme. Na asimgawie mtu.

Sasa mnatikisa vichwa, mnamwona mtu yule mjinga. Haya. Jumapili tukihubiri habari za kusamehe, mkitoka mlangoni mnanishika mkono mnaniambia nini? "Mchungaji, leo umesema. Laiti wifi yangu angekuwepo." Tukihubiri habari za ulevi, mke anamgusa mume kwa kiwiko. Tukihubiri habari za ulimi, mtu anachukua simu hapo hapo nje ya kanisa, anampigia jirani amweleze jinsi neno lilivyomhusu huyo jirani. Je, si kweli? Sisi ni wakarimu mno wa Neno la Mungu. Tunaandikiwa sisi, tunaliweka mfukoni, tunakwenda kuligawa. Kisha tunashangaa kwa nini tumekaa kanisani miaka yote hii na moyo unazidi kuziba.

Na wale tunaowagawia tunawaumiza. Karipio lililokusudiwa kukuponya wewe, ukimpelekea mwenzako ambaye Mungu anamtibu kwa njia nyingine, linamvunja nguvu. Wangapi wameondoka kanisani kwa sababu ya dawa zetu?

Naona hata sasa kuna mtu amekwisha kumpata wa kumpelekea mfano huu. Ndugu yangu, mwache huyo. Leo ukifika nyumbani, wakikuuliza mchungaji amehubiri nini, waambie amesema na wewe.