Masale Mawili ya Bi Naelijwa

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana bati la nyumba yenyewe bado halijashika kutu, Mzee Kirumbe alistaafu kazi ya reli kule Tanga. Akamwambia mkewe, Bi Naelijwa, "Mama, twende tukazeekee kwetu Upareni." Bi Naelijwa alikuwa ameishi Tanga miaka thelathini, ana shoga wa kunywa naye chai kila asubuhi, Bi Mwanahawa. Akalia, akafunga mizigo, akamfuata mume.

Nyumba ikajengwa juu kabisa mlimani, kisima kikabaki bondeni. Mzee akapanda masale mawili, ile mimea ya majani marefu, nyuma ya nyumba, maana kwao ndiyo alama ya kaburi: hapa pangu, hapa pako. Mwaka wa tatu akalazwa chini ya sale lake. Bi Naelijwa akabaki na ukungu na ndoo ya maji. Upweke ulimtafuna, na hakumwambia mtu.

Siku moja akateleza njia ya kisimani, nyonga ikavunjika. Shemeji yake, Sefania, ndiye aliyesikia kilio. Yeye na wenzake wakambeba kwa machela hadi barabarani, saa nne nzima, mvua ikiwanyea. Binti yake, Nanzia, akaacha kazi Moshi, akamwogesha na kumlisha miezi mitano mpaka akashika fimbo. Na Bi Mwanahawa akampigia simu kila asubuhi, naye huko Tanga ana glasi yake ya chai mkononi.

Daktari akasema nyumba ya juu basi tena. Wakapanda kwenda kuifunga, mama akibebwa.

Sefania akasema, "Shemeji, njoo kwangu, karibu na kisima. Kila Jumamosi napalilia sale lako. Utamwacha kaka yangu na nani?"

Nanzia akasema, "Mama, mimi ndiye niliyekuogesha. Sasa nimepata kazi nyingine, twende ukae kwangu. Mchana utakuwa peke yako, lakini jioni utakuwa na mwanao."

Bi Mwanahawa akasema kwenye simu, "Shoga yangu, chumba chako cha uani sijakipangisha tangu mlipoondoka. Mimi nami macho yananiishia. Njoo upesi."

Bi Naelijwa akajikongoja hadi nyuma ya nyumba. Chini ya sale la pili udongo ulikuwa umepaliliwa, hauna hata jani. Akaogopa. Akamwambia mumewe, "Nikienda, utalala peke yako. Nikibaki, nitakuwa nimezikwa kabla ya siku yangu."

Akarudi, akakaa juu ya sanduku lake. Simu bado iko hewani. Mara ya kwanza alihama kwa neno la mume. Mara hii hapana wa kumwamulia, na popote atakapokwenda, hatahama tena.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msitazame chini. Mmoja alimbeba, mmoja alimuuguza, mmoja alimngoja. Je, nani alistahili kumpata? Na yule aliyelala chini ya sale lake, mnamhesabu au hammhesabu?