Nyumba ya Mattola Yahama

Huko Sulawesi, nyumba ya mbao hubebwa nzima nzima mabegani, na mwenyewe huwalisha wabebaji kila wanapoitua. Tajiri Mattola aliamuru yake ipelekwe kwenye chemchemi ya kijiji, apate kuwafungia wenzake maji.

Besse, mjane ambaye mpunga wake ulinyweshwa na chemchemi hiyo, hakubisha.

"Tutaibeba, bwana mkubwa. Wewe kaa ndani, ufunge madirisha. Sultani hachomwi na jua."

Mattola akavimba kichwa, akajifungia. Nyumba ikanyanyuliwa, ikayumba, ikatuliwa. Watu wakala wali wake. Ikatuliwa mara saba, mpaka ghalani wakabaki panya tu.

"Tumefika!" akaita Besse.

Mattola akafungua dirisha, akauona mnazi wake uleule wa jana.

"Mbona ni palepale?"

"Tulipotea njia, bwana," alisema Besse, akijifuta mdomo. "Tuibebe tena? Mchele upo?"