Sanduku la Mikono Mitupu

Kacha.

Sauti moja tu, usiku, ndani ya kiwanda cha kufungasha chai kule kwenye vilima vya mvua. Chupa ya soda imemponyoka fundi wa tanuru, imeanguka sakafuni, imevunjika. Wapendwa, chupa huvunjika, na hilo si dhambi. Dhambi, kama ipo, tutaitafuta pamoja, basi tegeni masikio. Na wale wenye moyo mwepesi niwatoe hofu mapema: mfano huu hauna damu. Pumueni.

Fundi yule akachukua ufagio, akavikusanya vipande vyote kwenye kizoleo. Hakuacha hata kimoja sakafuni, maana alikuwa mtu safi. Sasa avitupe wapi?

Hapo yanipasa niwaeleze desturi ya kiwanda kile. Zamani kila kitu kilikwenda kwenye pipa moja: maboksi, karatasi za ofisini, chupa, mifuko ya nailoni, maganda ya mihogo ya saa nne, na machicha ya chai juu yake. Karatasi ikilala na machicha inalowa, ikilowa inaoza, ikioza haifai hata kuwashia moto. Basi wakajifunza kutenganisha. Pipa la chuma likabaki uani kwa ajili ya ule mchanganyiko wa chupa na makopo. Na nyuma ya ukuta wa tanuru, mahali pakavu, pasipofikiwa na mvua wala cheche, wakaweka sanduku kubwa la mbao la karatasi na maboksi peke yake.

Wanawake waliokuwa wakichambua taka walilijia pipa na glavu nene na koleo. Lakini kwenye sanduku waliingiza mikono mitupu. Kwa nini? Kwa sababu unyevu hauonekani kwa macho. Boksi moja lenye umande likifungwa katikati ya robota, robota zima huvunda kutoka ndani, na kiwanda cha karatasi kinarudisha lori zima. Glavu haiujui umande. Ngozi inaujua. Kwa hiyo sanduku lile wakaliita sanduku la mikono mitupu, na kila mtu, kuanzia meneja hadi mfagizi, alilijua sharti lake: usiweke humo kitu ambacho usingekiweka kwenye kiganja cha mama yako.

Usiku ule mvua ilikuwa inamwagika. Pipa liko uani, ng'ambo ya matope. Sanduku lipo hapa, nyuma ya ukuta. Fundi akaitazama mvua, akalitazama sanduku.

"Nitavitoa asubuhi," akajiambia.

Akavimimina vipande humo, akavifunika na boksi ili visionekane. Nani kati yetu hajawahi kusema, nitavitoa asubuhi? Asubuhi ilipofika tanuru lilikuwa linamsumbua, mtu wa zamu nyingine amechelewa, na alipokabidhi kazi hatimaye alikwenda nyumbani na usingizi machoni, akiwa amesahau kabisa.

Sasa sikilizeni. Miongoni mwa wale wanawake wa karatasi alikuwamo dada yake, mtoto wa tumbo moja. Na walikuwa hawasemezani.

Ilianza siku waliyomzika mama yao. Kaka alikuwa mbali, mvua ikakata barabara, akafika makaburini udongo umesharudishwa. Dada ndiye aliyemuuguza mama peke yake, amemgeuza kitandani, amemwosha, amekesha. Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Alipomwona kaka yake anashuka kilimani na begi lake, akasema mbele ya watu wote, "Umewahi. Ubwabwa ndio kwanza unaiva."

Watu wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka msibani. Kaka hakucheka. Akaapa kimoyomoyo kwamba jina la mwanamke yule halitapita tena juu ya ulimi wake.

Na kiapo akakitunza. Mvua zikaja, zikapita, nyingine zikaja. Walipopishana getini, mmoja akiingia na mwingine akitoka, yeye aliangalia kufuli. Akilazimika kumtaja, alisema "yule". Mwanawe alimuuliza siku moja, "Baba, shangazi anaitwa nani?" Akajibu, "Kula ugali."

Basi asubuhi ile fundi ameketi barazani kwake na kikombe cha chai, akijiandaa kulala. Mkewe ameketi mkekani na ungo, anachambua mchele. Mkono wake unaingia kwenye mchele, unatoka na kijiwe. Unaingia, unatoka. Yeye mwenyewe hautazami. Anatazama kuku, anaimba wimbo wake wa kwaya. Mkono unakwenda peke yake, kwa sababu mkono unaamini kwamba ndani ya mchele mna mchele.

Kikombe cha fundi kikasimama katikati ya safari.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Alhamisi."

Alhamisi ndiyo siku ya kufungua sanduku na kufunga marobota. Fundi akainuka.

"Baba watoto, unakwenda wapi na ndala?"

"Kazini."

"Si ndiko ulikotoka?"

"Nimeacha chupa iliyovunjika kwenye sanduku la karatasi. Yule ataingiza mkono."

"Yule nani?"

Fundi akafungua mdomo. Mdomo ukabaki wazi, hakikutoka kitu. Akaruka ngazi za baraza, akatoka mbio.

Akakimbia. Akateremka bondeni, akapanda kilima, matope yakamnyang'anya ndala moja, akaendelea na iliyobaki. Mwanzoni aliwaza, watu watasema nini? Kiwanda kizima kinajua hatusemezani. Yule akikatwa, nani ataamini kwamba sikukusudia? Lakini kabla hajafika kwenye daraja wazo hilo likaisha nguvu, likabaki moja tu nalo lilikuwa ni mkono. Aliujua mkono ule. Ndio uliokuwa ukimshika wakati wa kuvuka kijito kwenda shule, ukimkaza hadi vidole vinauma, ukisema bila maneno kwamba maji hayatamchukua huyu. Ndio uliomgeuza mama kitandani. Na sasa unakwenda kuzama ndani ya boksi, bila woga, kwa sababu sanduku lile halijawahi kuudanganya.

Akafika getini akihema. Mlinzi akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akakawia kwenye miguu.

"Fundi, zamu yako si jioni? Na mwenzake hii ndala kafia wapi?"

"Nifungulie, bwana."

"Asiye na zamu anataja anayemfuata. Ndiyo sheria, haikuanza na wewe. Unamfuata nani?"

"Mtu wa karatasi."

"Wako wengi humo. Mtaje mmoja."

Na kupitia wavu wa uzio fundi akamwona. Sanduku limeshaburutwa uani, kwenye jua la kwanza baada ya mvua. Yule ameinama juu yake, mikono ya blauzi ameikunja mpaka kwenye viwiko, na mashine ya kubana marobota inanguruma pembeni.

"Mama Karatasi!" fundi akaita.

Wanawake wote wakainua vichwa, maana kiwandani pale wote waliitwa hivyo. Wote isipokuwa mmoja. Aliyekuwa karibu zaidi na mashine hakusikia. Akainama zaidi.

Nawauliza ninyi mlioketi hapa: fundi alikuwa na neno moja tu la kumwinua mtu yule, neno alilolizoea tangu kuzaliwa, ambalo angelisikia hata katikati ya radi. Kwa nini hakulisema? Pafu lilikuwepo, ulimi ulikuwepo. Jina lilikuwepo.

Hakulisema. Alipita chini ya mti uliozuia geti, mlinzi akibaki na sheria yake mkononi, akakata uwanja, akateleza, akainuka, akamdaka dada yake kifundo cha mkono. Vidole vya dada vilikuwa vimeshaligusa boksi la juu.

Mmoja wa wanawake akazima mashine.

"Wewe," dada akasema. "Leo unanigusa?"

"Kuna chupa," fundi akasema, akitafuta pumzi. "Imevunjika. Niliiweka mimi, usiku, mvua ilikuwa... niliiweka mimi."

Dada akautazama mkono wake, mzima, mkavu, vidole vyote mahali pake. Kisha akamtazama yeye, amepakaa matope mpaka kwenye nyusi, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Mwanamke mmoja kando akanong'ona, "Huyu kakimbia au kaburutwa?" na wenzake wakabana vicheko.

Fundi akapiga magoti kwenye sanduku, akaondoa boksi, akavitoa vipande kimoja kimoja kwa uangalifu, akaviweka kwenye ndoo. Hakujikata. Niliwaambia hakuna damu. Alipomaliza akaguna kama mtu aliyetua gunia, akacheka peke yake kwa raha, kwa sababu hakuna raha inayoishinda raha ya kufika kabla.

"Umevitoa vyote?" dada akauliza.

"Vyote."

"Kimebaki kimoja."

Fundi akashtuka, akarudi sandukuni, akapekua karatasi kwa karatasi, mpaka chini, mpaka kwenye mbao. Hamna. Akainua uso.

"Si humo," dada akasema. "Umeita Mama Karatasi. Hapa akina Mama Karatasi ni wengi. Mimi mama alinipa jina."

Ndugu zangu, tuwaache hapo uani kidogo, tuje kwetu.

Kosa la fundi halikuwa kuvunja chupa. Kosa lake lilikuwa kuweka kitu kikali pale ambapo mwenzake huingiza mkono bila woga. Nasi, ni wapi tunapoingiza mikono bila woga? Sokoni? Barabarani? Kwa wageni twenda na glavu, na koleo twabeba. Ni nyumbani tunapokwenda na mikono mitupu. Ni kwa mama, kwa kaka, kwa dada, kwa mke, kwa mume. Kwa hiyo neno la mgeni hutuparuza, lakini neno la ndugu hutuchana.

Dada alitupa neno humo, siku ya msiba, kwa sababu amechoka na pipa liko mbali. Kaka naye akatupa ukimya, akaufunika vizuri usionekane. Kila mmoja alisema, nitakitoa asubuhi. Asubuhi ngapi zimepita, wewe uliye pale nyuma? Na wewe unayeniangalia kana kwamba namsema jirani yako? Tunajua sana kutenganisha. Tunatenga pumba na mchele, tunatenga karatasi na machicha. Mbona kilicho kikali tunakichanganya na walio wetu, halafu wao ndio tunawatenga?

Tena tazameni jambo hili la ajabu. Mtu yule alikuwa tayari kukimbia mpaka kifua kipasuke, na kuingiza mkono wake mwenyewe kwenye vioo. Upendo ulikuwepo muda wote. Haukufa hata siku moja. Neno moja tu ndilo lililokwama. Wangapi tuko hivyo hapa? Ndugu akiugua tunatuma nauli, akifiwa tunabeba jeneza, lakini jina lake hatulitaji. Tunasema "yule".

Lakini leo sikuja kuwatisha. Nilisema pumueni, na narudia: pumueni. Sanduku halijachambuliwa. Mkono haujakatwa. Aliyechelewa makaburini hakuchelewa hapa, na wewe pia bado hujachelewa, kwa sababu Mungu anayetujua kwa majina ametupa asubuhi nyingine, hii hapa, yenye jua. Usisubiri mvua ikatike ndipo ulivuke tope. Toka na ndala moja kama hutapata mbili.

Basi turudi uani. Mashine imezimwa. Mlinzi ameacha geti, amekuja kusimama na wengine, na sheria yake ameisahau. Fundi bado amepiga magoti kando ya sanduku, mikono mitupu juu ya karatasi kavu.

Dada akachuchumaa mbele yake, macho yakawa usawa wa macho.

"Na mimi ninalo la kwangu," akasema, sauti ikiwa chini. "La ubwabwa. Nimelibeba, limenichosha. Nitaliombea radhi hapa hapa, mbele ya hawa wambeya. Ila anza wewe. Wewe ndiye uliyekuja mbio."

Wambeya wakacheka, na safari hii fundi akacheka nao. Kisha akavuta pumzi. Alidhani jina lile limeota kutu, alidhani litamkwaruza koo likitoka. Halikumkwaruza. Lilikuwa pale pale mama yao alipoliacha, kavu, safi, halijalowa.

"Tusekile," akasema.