Bwana Faki Aitwa Mkarimu

Bwana Faki, aliyekuwa mgumu hata wa kutoa salamu, alimkamata mbuzi wa Bi Mize kwa kosa kubwa la kula majani ya mpapai wake.

"Kesho wanakuja watu kumposa binti yangu," alimwambia Bi Mize alipokuja kumwomba. "Uniite mkarimu mbele yao, la sivyo huyu namtia chunguni."

"Mkarimu ndiyo nini, Bwana? Mimi niliishia darasa la nne. Wakiniuliza, nisije nikakuaibisha."

Bwana Faki alivimba kwa elimu. "Neno limetoka Uarabuni. Mkarimu ni yule ambaye mgeni haondoki kwake mikono mitupu."

Bi Mize alirudia mara tatu, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Kesho yake, wageni walipokwisha kunawa, alisimama katikati yao.

"Jamani, huyu Bwana ni mkarimu! Maana yake kanifundisha mwenyewe: mgeni haondoki kwake mikono mitupu. Haya, mimi mgeni wake naondoka." Akamkodolea macho yule mbuzi aliyefungwa uani.

Wageni wote waligeuka kumtazama mwenye nyumba. Bwana Faki alicheka kwa meno ya mbele tu, akaenda kumfungua mbuzi.

"Na kamba yake, Bwana mkarimu," alisema Bi Mize.